Nje Inawaka, Ndani Inakataa

Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, mwaka wa 2023. Hiyo ndiyo siku mambo yangu yaliharibika. Naiandika hivyo kwa sababu wenye ofisi ukiwauliza watakwambia kulikuwa na siku fulani sistimu ilisumbua kidogo. Si siku fulani. Ilikuwa Jumanne, jua lilikuwa limetoka, na mke wangu alikuwa hai.

Mukiri alikuwa fundi wa nguo hapa sokoni Kianjai, safu ya nyuma, chumba chenye mlango wa bluu. Asubuhi hiyo alikuwa anashona sketi za shule, zile za rangi ya damu ya mzee, akanipigia simu akasema kichwa kinamgonga. Nilimkuta ameketi sakafuni, ameegemea mguu wa cherehani. Nikamwinua, nikafunga chumba kwa kufuli, ufunguo nikautia mfukoni, tukaenda hospitali.

Huko tuliambiwa tukae kwenye benchi. Msichana wa dirishani alikuwa na kompyuta mbele yake, na kioo chake kilikuwa cheusi kama sehemu ya chini ya sufuria.

"Mzee, sistimu iko chini. Siwezi kuona kadi ya mama. Nisipoona kadi, siwezi kumfungulia."

Kumfungulia nini? Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Daktari nilimwona kwa macho yangu akipita na kikombe cha chai. Lakini mke wangu hakuwa mgonjwa mpaka kompyuta iseme ni mgonjwa.

Mukiri, kwa Kimeru, ni mtu anayenyamaza. Alipewa jina la nyanya yake na alilibeba barabara. Wengine pale kwenye benchi walikuwa wanalia na kutukana. Yeye alinivuta koti tu.

"Baba Kananu, hiki kifungo kinaning'inia. Watu watafikiri huna mke."

Alikuwa na sindano kifuani, kama kawaida yake. Hakuna siku alitoka nyumbani bila sindano imechomekwa upande wa kushoto wa nguo, na uzi umezungushwa. Siku hiyo uzi ulikuwa wa damu ya mzee, ule wa sketi. Koti langu ni jeusi. Nikamwambia angoje, tutashona nyumbani. Akacheka, akaanza kushona. Koti ni zito, sindano ikagoma, akaisukuma na kidole gumba mpaka ikapinda karibu na ncha.

"Hili koti lina ngozi ngumu kama mwenyewe," akasema.

Akakata uzi kwa meno, akarudisha sindano kifuani, ile ile iliyopinda. Halafu mdomo wake ukaenda upande. Hapo ndipo walikimbia, hao waliokuwa hawawezi kukimbia bila kompyuta. Walimwingiza na kiti cha magurudumu, na sindano niliiona kifuani mpaka mlango ukafungwa. Mimi niliambiwa nisubiri nje.

Baadaye walinipa viatu na leso ya kichwa. Nikauliza nguo iko wapi. Wakasema nguo zimechomwa na kila kilichokuwa ndani, ndiyo sheria. Nikaenda kwa mkubwa wao, nikangoja, nikaingia, nikamwuliza swali moja: kama sistimu ilikuwa chini, ni nani alikuwa juu? Akaniambia, "Pole sana mzee, ni mambo ya mtandao." Mimi niliachia shule darasa la nne, lakini najua mtandao haujaajiriwa na mtu. Mtandao haupewi gari wala mlinzi.

Tukazika. Chumba cha sokoni nikakiacha na kufuli. Sikuingia, na mtu mwingine hakuingia, kwa sababu ufunguo ni mmoja na uko kwangu. Watu walikuja kutaka kuchukua vitambaa vyao, nikawaambia wangoje. Wengine bado wanangoja.

Sasa, hawa wa kamati ya soko. Mwenyekiti anaitwa Mwongera, mtu wa tumbo na fimbo. Alinijia nyumbani mwaka huu, baada ya mvua ya kwanza, akakaa kwenye kiti changu bila kuambiwa keti.

"Stephen, tumekuvumilia. Chumba cha soko ni cha biashara. Si kaburi."

"Nani amesema kaburi?"

"Mimi ndiye nimesema. Ijumaa ijayo napita na kamati. Nikikuta biashara inaendelea, chumba ni chenu. Nikikuta kufuli, kuna mtu anakitaka."

Huyo mtu ni shemeji yake, kila mtu Kianjai anajua, hata kuku. Lakini Mwongera anasema "kuna mtu", kama ambavyo hospitali walisema "sistimu". Wakubwa hawana majina wakati wa kufanya mabaya.

Nilitaka kumfukuza. Binti yangu Kananu ndiye alinishika mkono. Kananu alisoma mambo ya kompyuta Embu mjini, na kwa muda mrefu alikuwa ananiomba chumba cha mama yake afungue saiba: kuchapa barua, kujazia watu fomu, kutoa picha. Nilikuwa nakataa. Nikimwambia, nyumba hii imeuawa na kompyuta, na wewe unataka kuileta nyingine iketi pale pale? Lakini sasa ilikuwa kompyuta au shemeji wa Mwongera. Nikampa ufunguo.

"Kwa sharti moja, mama," nikamwambia. Namwita mama kwa sababu jina lake ni la mama yangu. "Usifagie. Usitoe kitu. Weka vitu vyako juu ya vyake."

"Wateja watakanyaga vipande vya uzi, baba."

"Wakanyage."

Kananu hakununua kompyuta nzima. Alisema zile za mitumba zinakufa haraka, afadhali aiunde mwenyewe, kipande kwa kipande, ajue kila kilicho ndani. Vikaja vimefungwa kwenye maboksi: kile kibao kikubwa cheusi anachokiita madabodi, na prosesa, yaani ubongo wake, na vijiti vya memori, na feni, na sanduku la chuma la kuingiza vyote. Aliviunda juu ya meza ya cherehani ya mama yake. Video kwenye simu ilimwambia alaze madabodi juu ya kitu laini kisicho cha chuma wakati wa kufunga ubongo na feni. Akaangaza macho, akaona ile sponji.

Sponji hiyo ni kipande cha godoro letu la zamani. Mukiri alikikata mwenyewe, akawa anachomeka sindano zake humo. Kananu alizing'oa zote alizoziona, akazipanga kwenye kopo, akalaza kibao chake juu ya sponji. Mimi nilikuwa mlangoni. Sikupenda, lakini nilimwacha. Angelaza wapi?

Jumatano mchana kila kitu kikawa ndani ya sanduku. Akachomeka stima, akaniangalia, akabonyeza.

Feni ikazunguka. Taa ndogo ikawaka. Halafu, tap, ikazima. Kimya. Halafu yenyewe, hakuna aliyeigusa, ikaanza tena. Ikazunguka kidogo, tap, ikazima. Ikaanza tena.

Kananu alifikiri ni kitu cha kawaida. Mimi nywele zilinisimama, kwa sababu mlio huo naujua. Mukiri alikuwa anashona hivyo. Anakanyaga kidogo, trrr, anasimama aangalie mshono, halafu trrr tena. Hakuwa mtu wa kukanyaga moja kwa moja kama hawa vijana. Niliishi na mlio huo miaka yote ya ndoa yangu, nikautambua kama unavyotambua kikohozi cha mtu wako gizani.

"Izime," nikasema.

"Ngoja nisikilize, baba."

"Mama, izime!"

Akachomoa waya. Feni ikajizungusha polepole mpaka ikafa. Ukutani kulikuwa bado na shati la mteja ambalo mama yake aliliacha limekatwa nusu.

Kananu akampigia Ireri, rafiki yake waliyesoma naye, ambaye ana duka la kurekebisha kompyuta huko Embu. Akamweleza, akamweka kwa spika.

"Mzee wa Kianjai!" Ireri akasema. "Hiyo mashine mmeipiga makofi mangapi?"

"Hatujaipiga," nikamjibu.

"Mashine imekatalia kwa Mmeru na haijapigwa? Hiyo ni habari ya gazeti."

"Na ninyi Waembu mnaifanyaje? Mnaiombea?"

"Sisi tunaipikia muthokoi na maharagwe. Ikishiba inaamka." Alicheka peke yake, halafu akawa mtu wa kazi. "Kananu, inalia? Kuna mlio wowote, pip pip?"

"Hapana. Nimeifungia kispika kabisa, lakini hailii."

"Hapo ndipo kuna ubaya. Ingelia, tungehesabu milio tukajua inaumwa wapi. Kama imenyamaza, ni kutafuta tu."

Imenyamaza. Neno hilo lilinipiga. Nilitoka nje nikasimama karibu na choo cha soko kama mjinga, nikisoma tangazo la kamati ambalo nilishalisoma.

Waliitafuta siku hiyo na Alhamisi asubuhi. Nitasema ukweli, niliona binti yangu ana subira ya mama yake. Alitoa vijiti vya memori, akavisugua vile vijimeno vyao vya dhahabu kwa raba ya mwanafunzi, akavirudisha. Trrr, tap. Akahamisha kijiti nafasi nyingine. Trrr, tap. Akaangalia waya wa ubongo, ule ambao Ireri alisema watu wengi husahau, haukuwa umesahaulika. Akatoa betri ndogo kama sarafu, akangoja, akairudisha. Kila mara inaanza, inasimama kama inaangalia kitu, inaanza tena.

Mwongera akapita na fimbo yake. Hakuingia. Alichungulia tu.

"Kananu! Hiyo ni kompyuta au ni jenereta ya posho mill ya kusagia mahindi?"

"Ni kompyuta, mwenyekiti."

"Mbona inakohoa?"

"Inajua umefika," nikamjibu mimi.

"Kesho, Stephen," akasema. "Kesho kioo kiwe na maandishi. Mimi si mtu wa kuangalia feni."

Akaenda akipiga filimbi. Kananu akainamisha kichwa kwenye cherehani. Nikaona mabega yanatetemeka, na sikujua la kufanya, kwa sababu mtu wa kumbembeleza katika nyumba yetu hakuwa mimi. Nikamwambia maneno ambayo pengine sikupaswa kusema.

"Mama yako hataki."

Akainua uso. "Hataki nini?"

"Hataki hiyo kitu hapa. Unaisikia vile inakanyaga. Si unaisikia?"

"Baba." Alifuta macho. "Mimi naisikia tangu jana. Unafikiri mimi sikukua chini ya hii meza? Lakini kama ni yeye, hakatai. Mama akikataa alikuwa anaweka kazi chini. Huyu anaanza tena na tena. Kuna kitu kinamzuia."

Ireri akapigiwa tena. Safari hii hakutania.

"Toa kila kitu nje ya sanduku," akasema. "Laza madabodi juu ya boksi lake la karatasi. Weka ubongo, feni, kijiti kimoja cha memori, kioo. Basi. Iwashe hivyo ikiwa uchi."

Kananu akafungua skrubu, akaishika kingo kama unavyoshika mtoto aliyezaliwa juzi, akailaza juu ya karatasi. Kitufe kilikuwa kimebaki kwenye sanduku, kwa hivyo aligusa vijimeno viwili vya madabodi kwa ncha ya bisibisi.

Feni ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka. Kioo kikapata mwanga, kikaleta maandishi meupe.

Kananu alipiga kelele mpaka mama wa viazi wa jirani akaja kuuliza nani amekufa. Na mimi, mimi mwenye chuki na kompyuta, nilijikuta nimeshika kona ya meza. Ilikuwa inapumua moja kwa moja, haisimami.

Akairudisha ndani ya sanduku. Akafunga skrubu. Akabonyeza.

Trrr. Tap.

Akaitoa. Ikawaka. Akairudisha. Ikakufa.

"Nje inawaka, ndani inakataa," Kananu akamwambia Ireri.

Msomaji, kwetu jeneza tunaliita sanduku. Nilikaa chini. Niliona tena lile la mbao ya mvule likishuka, na nikafikiri kitu ambacho sijamwambia padri hadi leo: kwamba pengine kama wangemwacha nje kidogo, kama wasingefunga haraka hivyo. Mtu akiondolewa bila kuelezwa sababu, akili inafanya kazi hizo yenyewe.

Ireri alikuwa anasema kwa simu. "Hapo tumemshika. Kuna kitu cha chuma nyuma ya madabodi kinagusa ukuta wa sanduku. Ni shoti. Umeigeuza ukaangalia mgongo wake?"

"La. Naishika kingo, nailaza."

"Igeuze."

Kananu akachomoa waya, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango.

Nyuma ya ubongo kuna bamba dogo la chuma. Juu ya bamba hilo, imejishikilia kwa sumaku kama kupe kwenye ngozi, kulikuwa na sindano.

"Ni ya mama," Kananu akasema kwa haraka, kama mtu anayetaka kuwahi mwingine. "Ilikuwa imezama ndani ya sponji, sikuiona. Mama alikuwa anaokota sindano sakafuni kwa sumaku ya spika iliyokufa, ndiyo maana zote zinanasa. Ireri, nimepata! Ni sindano!"

"Sindano ya kushona? Ninyi Wameru mtaniua!" Ireri alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Itoe, funga, iwashe. Kazi imekwisha."

Lakini kazi ilikuwa haijaisha kwangu. Nilichukua sindano kutoka mkononi mwa mtoto wangu. Ilikuwa na uzi umezungushwa. Uzi wa damu ya mzee. Na karibu na ncha ilikuwa imepinda.

Nilishika koti langu, hili hapa nililovaa, nikaleta kile kifungo karibu na mwanga. Kananu akaangalia uzi wa kifungo, akaangalia uzi wa sindano. Hadithi ya kifungo anaijua, nimewaambia watu wote, nimewachosha nayo.

"Baba, mama alikuwa na sindano mia."

"Zilizopinda?"

"Hata zilizopinda."

"Mama yako alikuwa anatupa iliyopinda. Wewe mwenyewe ulikuwa unatumwa kuzitupa kwenye shimo la choo, ng'ombe zisikanyage."

Akanyamaza. Binti wa Mukiri.

"Mimi nilifunga hii kufuli naye akiwa amesimama hapo, ameegemea mlango," nikamwambia. "Sindano ilikuwa imenyooka, na ilikuwa kifuani mwake. Ilipinda kwenye benchi. Niliiona ikipinda. Mama yako hakurudi katika chumba hiki, na ufunguo haujatoka kwangu mpaka nilipokupa wewe."

"Basi tuiache hivyo, baba," akasema polepole. "Tuiwashe kwanza. Tafadhali."

Akafunga kila kitu ndani ya sanduku. Akabonyeza. Ikazunguka bila kusimama, na ule mlio wa kukanyaga na kusimama haukuwapo tena. Ilikuwa kompyuta tu. Niliona uchungu, nashindwa kuueleza, kama vile nimemwua mtu mimi mwenyewe safari hii.

Ijumaa Mwongera alikuja na kamati yake. Kananu alikuwa anachapia mama wa viazi barua ya mtoto wake, na kioo kilikuwa kimejaa maandishi. Mwongera alitafuta kosa, akatafuta hata chini ya meza.

"Mbona hapa hapajafagiwa?"

"Patafagiwa leo," nikasema, na Kananu akageuka kuniangalia.

"Na wewe, Stephen, siku hizi unatembea na sindano kifuani? Umekuwa fundi?"

"Ni ya mke wangu. Ameirudisha."

Wajumbe wakacheka kidogo, halafu wakaacha. Mwongera akapiga fimbo chini, akasema chumba kibaki kwetu, akaenda kumweleza shemeji yake.

Nilifagia mimi mwenyewe. Vipande vya uzi nilivitia kwenye mfuko, sikuvitupa. Jumatatu nikapanda kwenda hospitali nikiwa nimevaa koti hili, na sindano upande wa kushoto. Benchi ni lile lile. Dirisha ni lile lile, ila msichana ni mwingine, na kompyuta yake inawaka vizuri sana, ina hata picha ya maua.

"Kadi, mzee?"

"Sina ugonjwa. Nina swali."

"Maswali ni ofisi ya mkubwa."

"Mkubwa nilishamwuliza la kwanza, bado anatafuta jibu. Hili ni la pili, nakuuliza wewe."

Nikatoa sindano, nikaiweka kwenye ukingo wa dirisha, uzi ukiwa juu. Foleni nyuma yangu ikasogea kuangalia. Msichana akaitazama, akanitazama, akaondoa mkono kwenye kompyuta yake.

Nikamwambia hii ilikuwa kifuani mwa mke wangu alipoingia mlango ule pale. Mlisema nguo zake mlizichoma na kila kilichokuwa ndani. Na mimi nilikuwa nimefunga chumba chake, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Sasa niambie, mtoto wangu, na kama hujui mwite anayejua: hii ilitoka humu na nani, na ilifikaje ndani ya chumba kile?